Anza Wewe, Nimalize Mimi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na mwamba!"

"Na usukumwe!"

"Nani ataanza?"

Mbona kimya? Haya, sogeeni, wakubwa kwa watoto, msikie. Hata wanyama wa mlimani walinyamaza hivyo hivyo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanainjika vyungu na kualikana, palikuwa na mlima mrefu. Tumboni mwa mlima palikuwa na pango. Ndani ya pango palikuwa na chumvi. Si chumvi ya kijiko! Kuta zilikuwa chumvi. Dari ilikuwa chumvi. Jua la asubuhi likiingia mlangoni, pango zima liliwaka, huku jeupe, huku la waridi, huku kijani kidogo kama jicho la paka. Kila aliyeingia alishusha sauti. Hata Simba. Hata Fisi, asiye na haya.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa Ijumaa, saa moja kasorobo asubuhi. Wapo wasemao ilikuwa jioni. Si kweli. Umande ulikuwa haujakauka, na Mama Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake akiota jua, maana pimbi huota jua kabla ya kufanya jambo lolote. Mama Pimbi alikuwa mdogo, wa mviringo, hana mkia, na moyo wake ulikuwa mwepesi wa kushtuka. Jani likidondoka, yeye kaduwaa. Kivuli cha mwewe kikipita, yeye yumo mwambani.

Asubuhi ile hakikupita kivuli. Ardhi ndiyo iliyosogea. Gudu! Gudu-gudu! Kutoka kileleni mwamba ukang'oka, ukabiringika, ukaja, ukaja, ukaja, puu! Vumbi likasimama. Vumbi likalala. Mlango wa pango haukuwapo.

Mwezi ukafa, mwezi ukazaliwa. Nyati wakawa wanalambana jasho. Swala wakatafuna mifupa mikavu. Maziwa yakakauka kwa mama wote wa mlima ule, na kwa Mama Pimbi pia. Alikuwa na mtoto mmoja, Tunu, aliyezaliwa masika yale. Tunu alilamba mawe mpaka ulimi ukapasuka. Halafu akaacha kulamba. Halafu akaacha kulia. Hilo ndilo lililomtisha mama yake. Mtoto anayelia ana nguvu ya kulia.

Mama Pimbi hakuwa na nguvu, lakini alikuwa na tabia ya kukagua. Akaenda kwenye mwamba. Akauzunguka. Akauzunguka tena, asije akawa amekosea. Chini aliona udongo umejirundika, umeushika mwamba miguuni. Ubavuni aliona ufa mwembamba. Akaingiza kichwa. Mle ndani, mwisho kabisa wa ufa, jiwe dogo lililochongoka lilikuwa limejibana kati ya mwamba na mlima, kama kabari ndani ya gogo.

"Kuchimba," akajisemea. "Kuchomoa. Kusukuma. Ikikosekana moja, mlango haufunguki."

Mchimbaji alikuwapo: Bibi Mhanga, mwenye kucha kama majembe na masikio kama majani ya mgomba, ambaye alilala mchana na kununa akiamshwa. Msukumaji alikuwapo: Tembo. Na wa kupenya kwenye ufa? Ni pimbi tu, na pimbi mwenye mwili mwembamba wa njaa. Yaani yeye.

Basi mbona mwamba ulikaa?

Sikieni sheria ya mlima ule. Amalizaye ndiye agawaye. Mti ukianguka, walisema, ameuangusha aliyepiga shoka la mwisho. Kabla yake mti ulikuwa umesimama, baada yake mti uko chini, macho yameona, mnabishana nini? Hivyo aliyemaliza kazi alikula kwanza, akawapimia wenzake apendavyo. Wote waliiona ni haki. Na kwa kuwa wote waliiona ni haki, wote walitaka kuwa wa mwisho.

Asubuhi moja Mama Pimbi alimkuta Bibi Mhanga amejilaza kando ya mwamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Niondokee hapo, unanizibia jua."

"Bibi, chimba basi. Udongo wenyewe laini."

"Nichimbe, halafu? Tembo aje aguse na bega, mwamba uende, aseme amemaliza yeye? Mimi mzee, mjukuu wangu, si mjinga. Asukume kwanza."

Tembo alikuwa amesimama palepale, akijipepea masikio. "Nisukume mwamba wenye udongo miguuni? Nitoke jasho wiki nzima, halafu bibi akwaruze kidogo, awe mgawaji? Mkifika mwisho, niiteni."

"Lakini kaka Tembo..."

"Kaka?" Tembo akacheka, ndege wakaruka mitini. "Tangu lini?"

"Wazee wetu walisema sisi ukoo mmoja. Tazama meno." Mama Pimbi akafunua mdomo. Kweli, juu palichomoza vijino viwili, kama vipembe.

Tembo akainama, akachungulia. "Hizo pembe, au punje za mchele?"

Nyani, aliyekuwa amekaa juu ya mwamba akila chawa wake, akacheka nusura aanguke.

Na Mama Pimbi mwenyewe je? Msimhurumie mapema. Yeye naye hakuingia kwenye ufa. Alijiambia anaogopa giza, na kweli aliogopa. Lakini pia alikuwa anasubiri. Mlima mzima ulikuwa unasubiri, na ulipochoka kusubiri kimya, ulisubiri kwa wimbo:

Anza wewe, nimalize,
Anza wewe, nimalize,
Chumvi tamu, mwamba mzito,
Anza wewe, nimalize!

Mnauweza? Itikieni. Eeh, hivyo hivyo, kwa uvivu.

Ikafika siku Tembo akamnong'oneza Bibi Mhanga. Kunong'ona kwa Tembo! Bonde zima lilisikia. "Bibi, tufanye wakubwa kwa wakubwa. Tuanze pamoja, tumalize pamoja. Nusu kwako, nusu kwangu. Huyu wa punje za mchele wa kazi gani?"

"Hapo umesema," akajibu Bibi Mhanga.

Mama Pimbi akaruka mbele yao. "Kuna kabari ndani! Mkisukuma kabla haijachomolewa, mwamba utajikaza!"

"Sogea, bibie, usije ukakanyagwa bure," akasema Tembo.

Bibi Mhanga akachimba. Kwaru-kwaru, kwaru-kwaru! Udongo ukaruka nyuma yake kama mvua. Tembo akaweka paji la uso. Hiiip! Mwamba ukalia, krrr. Ukainama. Watazamaji wakapiga vigelegele. Krrr... kacha! Ukakwama. Ulikuwa umeegama sasa, mzito kuliko mwanzo, umeing'ata kabari yake kama fisi aliyeng'ata mfupa. Tembo akasukuma tena. Wapi. Bibi Mhanga akachimba tena. Akafika jabali tupu.



Nyani akateremka taratibu, akachuchumaa kando ya Mama Pimbi. "Hongera, bibie."

"Ya nini?"

"Hujaona? Yule amechimba, amemaliza udongo. Yule amesukuma, amemaliza jasho. Imebaki kazi moja, kuchomoa kabari, na ni yako. Wewe ndiye wa mwisho! Pango lote lako. Tembo atakuja kukuomba chumvi kama kitoto. Mimi sitaki kingi. Unikumbuke tu."

Mama Pimbi akamtazama Tembo. Tembo akainamisha macho. Alikuwa ameshaelewa. Mnyama mkubwa vile, ameinamisha macho mbele ya pimbi! Ulimi ulimwasha Mama Pimbi. Neno lilikuwa tayari: lote. Chumvi yote. Tunu angelamba leo, angelamba kesho, angelamba mpaka awe bibi.

Lakini alikuwa na ile tabia yake ya kukagua. "Ngoja kwanza," akasema. "Nikamtazame mwanangu."

Nyumbani Tunu alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi. Mama Pimbi alitaka kumpikia maji ya majani. Mtikisiko wa mwamba ulikuwa umetawanya mafiga yake, basi akayapanga upya. Akaweka figa la kwanza. Akaweka la pili. Akajaribu chungu, kikapinduka. Akaweka la tatu. Chungu kikakaa.

Akalitazama lile figa la tatu. "Haya, hongera," akalitania kwa uchungu. "Wa mwisho wewe. Chungu umekibeba wewe."

Mkono ukasimama hewani.

Akateremsha chungu. Akayaondoa mafiga yote. Akaanza upya, na lile la mwisho akalifanya la kwanza. Chungu kikapinduka, kikapinduka, kikakaa. Sasa aliyebeba ni mwingine! Akaondoa tena, akabadili tena. Aliyebeba ni mwingine tena. Mawe yale yale. Chungu kile kile. Hakuna kilichobadilika ila nani ametangulia.

Nywele za mgongo zikamsimama. Pimbi wana nywele hizo, husimama wakiona kitu kikubwa kuliko wao. Alikuwa amepika juu ya mafiga yale maisha yake yote, na mama yake kabla yake, na yalikuwa yakimwambia neno hili kila siku. Kila jiwe, likija mwisho, linasema: chungu ni changu. Kila moja lina ushahidi. Na chungu ni kimoja.

Akaketi. Kisha likamjia jambo la pili, nalo lilikuwa baridi. Nitaingia kwenye ufa. Mwamba umeegama. Tembo ndiye atakayeushikilia juu ya kichwa changu. Atakuwa anawaza nini, huyo ninayetaka kumnyang'anya?

Akatoka nje, akawaita wote wawili waje jikoni kwake.

Wakaja kama wanaokwenda kusomewa hukumu. Bibi Mhanga alikuwa amenuna zaidi ya kawaida. Tembo hakuenea, akaingiza kichwa na mkonga tu.

"Sema, mgawaji," akasema Tembo kwa sauti ndogo.

"Kaka, injika chungu."

"Nini?"

"Chagua figa lako. Bibi naye achague lake. Linalobaki langu."

Tembo akachagua kubwa. Bibi Mhanga akachagua la bapa, akasema linamfaa mgongo. Likabaki dogo. Mama Pimbi akaweka lake, bibi akaweka lake, Tembo akaweka lake mwisho, chungu kikakaa.

"Mmeona!" Tembo akachangamka kidogo. "Langu ndilo lililobeba."

"Tuanze upya. Wewe tangulia."

Wakaanza upya. Bibi Mhanga akawa wa mwisho. "Ehe!" akasema bibi. "Kumbe langu."

Wakaanza tena. Pimbi akawa wa mwisho. Hakuna aliyesema ehe. Walikuwa wanatazama chungu kama wanaokiona mara ya kwanza, kimekaa pale, kimetulia, hakimjui wa kwanza wala wa mwisho.

Bibi Mhanga akasema polepole, "Marehemu mume wangu ndiye aliyeanza kuchimba bwawa la chini. Nyati wakamalizia kwa kwato. Wakampimia tope." Akafuta pua kwa kucha. "Na mimi nilimwambia ni haki."

"Lakini figa langu ni kubwa!" Tembo akasema. "Hilo halibishaniwi."

"Ondoa lile dogo, kaka."

Akaliondoa. Chungu kikapinduka.

"Rudisha. Ondoa lako kubwa."

Akaliondoa. Chungu kikapinduka vile vile.

Tembo akashusha pumzi, majivu yakaruka. "Tumbo langu je? Hili nalo ni kubwa."

"Hilo ni neno jingine. Haki kwanza, tumbo baadaye. Mafungu matatu, sawa kwa sawa."

"Dada yangu," akasema Tembo, na wala hakujua kwamba amesema dada, "ungetuambia lote ni lako, tungekubali. Tungefanya nini?"

"Mngekubali kwa mdomo. Lakini mimi nitakuwa ndani ya ufa, na mabega yako ndiyo dari yangu. Asiyeridhika na fungu lake huchoka upesi, kaka. Sitaki uchoke."

"Na kama sisi tungekupa wewe kidogo?" akauliza Bibi Mhanga.

"Mlima ukitikisika tena, ningebaki kuota jua, nisiingie kwenye ufa."

Wakachovya kwenye jivu, mmoja kwa ukucha, mmoja kwa mkonga, mmoja kwa kidole kidogo cheusi. Ndicho kilikuwa kiapo chao.

Alasiri ile wakafika mwambani. Na kituko kikatokea.

"Nianze mimi," akasema Bibi Mhanga. "Nitengeneze njia ya mwamba kupitia."

"Hapana, bibi, nianze mimi, niunyanyue kidogo."

"Mtoto huna adabu? Nimesema naanza mimi!"

Wakagombea kuanza! Nyani alikodoa macho, chawa akamponyoka.

Bibi akachimba. Tembo akaweka bega, akaunyanyua mwamba kiasi cha unywele. Mama Pimbi akautazama ufa. Ulikuwa mweusi. Akatazama nyuma, kule kwenye mlango wa nyumba yake. Akaingia.

Mle ndani hakukuwa na juu wala chini. Palikuwa na uzito tu. Uzito ulikuwa unapumua. Kila Tembo alipovuta pumzi, mwamba ulipanda kidogo. Alipoitoa, ulishuka, ukagusa nywele za mgongo wake. Akatambaa. Akagusa kabari. Akaivuta kwa vidole, vikateleza. Akaivuta tena, vikateleza tena.

Halafu, kutoka nje, akasikia sauti ya Nyani. "Tembo we! Legeza kidogo tu! Pimbi akibaki humo, kabari imelegea, mnagawana wawili! Nusu kwa nusu! Nani atajua?"

Mwamba ukatetemeka. Mama Pimbi akafumba macho. Katika giza lile hakuwa na kitu cha kushika, ila mafiga matatu, na alama ya jivu kwenye mkonga.

"Nyani," Tembo akasema, sauti ikapita ndani ya jiwe lenyewe, "niko kazini."

Na mwamba ukapanda.

Mama Pimbi akakumbuka meno yake. Akaing'ata kabari kwa zile punje mbili za mchele, akakaza shingo, akavuta. Krr. Akavuta. Krr. Kacha! Ikatoka. Mwamba wote ukaguna kama mtu aliyeamshwa.

"Mtoeni!" akapiga kelele Tembo. Bibi Mhanga akatia mkono, akatafuta mkia, mkia wenyewe hana, akamkamata mguu, akamchomoa kama mhogo.

"Hiiip!" Tembo akasukuma.

Gudu. Gudu-gudu. Gudu-gudu-gudu! Mwamba ukaenda, ukabiringika, ukajaza njia vifusi, ukaporomoka korongoni, na mwangwi wake ukazunguka milima ukarudi umechoka.

Kisha pango likapumua.

Pumzi ndefu, ya joto, yenye harufu ya chumvi, ilitoka tumboni mwa mlima, ikapita juu yao wote. Nyasi zikalala. Nyati wakapiga magoti. Mama Pimbi alijaza mashavu, akakimbia nyumbani, akamwekea Tunu punje moja kwenye ulimi uliopasuka, akangoja. Akangoja. Ulimi ukasogea. Sura ikakunjamana.

"Kali," akasema Tunu.

Mama Pimbi akalia mpaka akapata kwikwi.

Jioni ile wakagawana kuta za pango, mafungu matatu sawasawa. Wasio na fungu waliomba kwa wenye mafungu, wakapewa. Hata Nyani alipewa, kidogo, mwisho. Tembo alilamba fungu lake mpaka ukuta ukaingia ndani. Akalitazama la pimbi, akageuza uso haraka.

"Karibu, kaka," akasema Mama Pimbi. "Haki imekwisha kupita. Sasa ni zamu ya tumbo."

Asubuhi iliyofuata jua likaingia mlangoni, na pango likawaka, jeupe, la waridi, na kile kijani cha jicho la paka. Mlima mzima ukaja kutazama. Lakini njia ilikuwa imejaa vifusi, mawe makubwa kwa madogo, na wanyama wakasimama chini pale, wakatazamana. Mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kuimba kwa mazoea, anza wewe, nimalize...

Mama Pimbi hakuota jua asubuhi ile. Alimweka Tunu juu ya jiwe lake, mahali penye joto. Akashuka njiani. Akachagua jiwe moja, dogo, linaloenea mikononi mwake. Akalibeba, akaliweka kando. Hakugeuka kutazama nani yuko nyuma yake. Akainama kuchukua la pili.

Nyuma yake akasikia kwaru-kwaru. Halafu akasikia miguu mizito.

"Dada," sauti ikasema, "hilo kubwa niachie mimi."

Basi, wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: kazi ya wengi haina wa mwisho. Macho humwona anayemaliza, lakini chungu kimekaa juu ya mafiga yote. Gawaneni kwa namna ambayo kila mmoja angekubali kuushika mwamba juu ya kichwa cha mwenzake. Figa moja haliinjiki chungu.

Hadithi yangu imeishia hapo, njiani penye vifusi. Aliyeipenda na ainue jiwe moja.